Chai ya Alhamisi

Siku ya tatu baada ya kumzika Mzee Ladislasi, watoto wake waliotoka Kigali walianza kugawana vitu vyake, na mimi wakanipa kopo. Redio ilikwenda kwa mkubwa, kiti cha mianzi akakichukua mdogo, viatu vya mpira vya shambani wakapewa majirani, na lile kopo jekundu lenye picha ya mlima na maandishi ya Kichina likabaki mezani kwa sababu hakuna aliyejua ni la nini. "Tanti Mado, hii iko ya wewe?" akauliza binti yake, akilitikisa karibu na sikio. Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, lakini si mkubwa. Utepe wa gundi uliozunguka mfuniko niliuzungusha mimi kwa mikono yangu, mara ya kwanza na mara ya pili, na kati ya mara hizo mbili kuna mwaka ambao sijapata kumsimulia mtu. Wanangu wakiniuliza ni lini nilijiona mtu mzima, hungoja niwatajie harusi yangu au mimba ya kwanza. Mimi kimoyomoyo huutaja mwaka wa Mchina, kisha nawajibu la harusi ili waridhike.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulivuka vipi kutoka Bukavu. Habari hizo kila nyumba ya Kamembe inazo zake na zinafanana. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nafundisha darasa la pili bila diploma, nikikaa chumba cha nyuma nyumbani kwa Mzee Ladislasi, ambaye hatukuwa na undugu naye ila alimfahamu marehemu baba. Mimi nilimpikia, naye alinifundisha. Alikuwa agronome, mtaalamu wa mpunga aliyemaliza ujana wake kwenye tope la bonde la Ruzizi upande wa Kongo, kisha akarudi upande huu kama tulivyorudi sote, na sasa watu wa Bugarama walikuwa wakimfuata hata nyumbani kumwonyesha majani yaliyougua. Sebule yake naiona hadi leo: kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda yasiyoota kwetu, chupa za mbegu zimepangwa dirishani kila moja na kikaratasi chake, kiti cha mianzi ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, na nje ya dirisha Bukavu nzima imekaa ng'ambo ya maji kama jirani mliyegombana naye. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeshika moto. Asubuhi tulisikiliza redio kwanza, ndipo tukanywa uji.

Alhamisi alasiri ilikuwa siku yangu. Mzee aliniandaa kwa mtihani wa diploma, na somo alilolipenda ni lile la majaribio. "Mado," alikuwa akisema, akigonga chupa moja kwa kucha, "ukitia mbolea hapa, lazima uache pa pembeni bila kutia kintu. Bila ile ya pembeni, haujue kama ni mbolea ao ni mvula. Unajidanganya tu." Nilijifunza hilo vizuri sana. Ningeliandika hata usingizini. Nataka msomaji alikumbuke, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau siku nilipolihitaji, au niseme ukweli, nilijifanya nimelisahau.

Mchina alikuja Alhamisi moja ya mvua. Alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, miwani imejaa ukungu, kwapani ameshika daftari na mkononi themosi yenye maua, mpini wake umefungwa uzi wa buluu. Alisimama mlangoni akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Mzee." Kwa Kamembe ile hakuna mtu aliyepata kumwamkia mwenzake shikamoo. Mzee akajibu, "Bonjour." Kijana akajieleza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwetu sote: jina lake Wei, anasoma kilimo Butare, Kiswahili alijifunza kwao kabla ya kuja, sasa amepewa miezi mitatu ya mafunzo katika kitalu cha kahawa Giheke, na mwalimu wake amemwambia kwamba anayetaka kujua mpunga wa bonde hili amtafute Mzee Ladislasi. Upande wa pili wa ua, cherehani ya Maman Zaituni ilinyamaza. Mama huyo, fundi wa nguo, Mwislamu wa zile familia za zamani za Kamembe, alikuwa jirani yetu na rafiki yangu, na ukisikia cherehani yake imesimama ujue masikio yameanza kazi. Jioni aliniita kwenye ua. "Ile Kiswahili ameipataka wapi? Iko ya basoda, ya baaskari, ao ya redio. Muntu wa Uchina anasema vizuri kupita mimi? Hapana, Mado. Ule ametumwa."

Nilikwisha kufikiri hivyohivyo kabla yake. Ilikuwa miaka ya kuulizana maswali mawili, ulikuwa wapi na ulirudi na nani, na asiyekuwa na jibu la haraka alionekana ana jambo. Kila mtu alimchunguza mwenzake: aliyejenga haraka, aliyevuka daraja mara nyingi, aliyefunga dirisha mapema, aliyepokea barua. Sisi tuliolelewa ng'ambo tulichunguzwa kwa namna tunavyotamka maneno, nasi tukawachunguza wengine ili tusibaki peke yetu. Sasa akaja mtu ambaye hatukujua hata tumchunguze kwa kuanzia wapi.

Siku hiyo ya kwanza Mzee alimkaribisha kwa heshima zote. Alifungua chupa ya bia mbele ya macho yake, akamimina kidogo kwenye bilauri, akanywa yeye mwenyewe, akangoja, ndipo akajaza na kumsogezea. Kwetu ndivyo inavyofanywa, pande zote mbili za mto: anayemimina ndiye anayesogongera, yaani anaonja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Hatuisemi sababu yake. Mtoto huona wakubwa wakifanya, naye akikua anafanya. Neno sumu halitajwi mbele ya mgeni, maana kulitaja ni kama kumshtaki mtu, na katika miaka ile watu walizikwa kila mwezi na minong'ono ya kulishwa kitu ikiwasindikiza makaburini. Wei aliitazama ile bilauri, akatabasamu, akasema, "Samahani sana, Mzee. Tumbo langu." Akafungua themosi yake, akajimiminia maji ya moto, maji matupu yasiyo na jani wala sukari, akayanywa. Niliona mkono wa Mzee ukiirudisha bilauri polepole. Mgeni amekataa kinywaji kilichoonjwa na mwenye nyumba, kisha akanywa chake alichokuja nacho. Kama angesema kwa mdomo kwamba nyumba yetu ni ya walozi, nadhani tungeumia kidogo zaidi, lakini si sana.

Alhamisi iliyofuata alileta kopo. Alilitoa kwa mikono miwili, akasema ni chai kutoka mlima wa kwao, baba yake alimpa amletee mwalimu atakayempata Afrika. Akaomba vikombe. Akatia majani, akamimina maji ya themosi yake, akaweka kikombe mbele ya Mzee kwa mikono miwili tena, kisha akaketi wima akingoja. Yeye hakunywa. Hakugusa hata cha kwake. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba kwao mwanafunzi hawezi kutia mdomo kabla ya mwalimu, ingekuwa utovu wa adabu. Lakini siku ile niliona kijana aliyemimina asionje, akikitazama kikombe cha Mzee kwa hamu. Mzee akashukuru, akakizungusha kikombe, akaongea habari za mabonde na mifereji mpaka chai ikapoa. Kijana aliona imepoa. Akasimama, akaimwaga kwa adabu dirishani, akamimina nyingine ya moto. Hiyo nayo ikapoa. Natamani ningeweza kusema kwamba nilimwonea huruma. Nilimwonea hasira, kwa sababu Alhamisi ile ilikuwa yangu na yeye alikuwa amekalia stuli yangu.

Ndipo akatoa swali lake. "Mzee, mafunzo yangu yakiisha nina miezi mitatu ya likizo. Mwalimu wa Butare anataka niende Bugarama nikaishi na wakulima wa mpunga, lakini bila barua ya mtu anayejulikana huko hawatanipokea. Nisipokwenda, sitakuwa na utafiti, na mwaka ujao hawataniruhusu kuendelea. Yuko pia mtu wa kwetu, anakaa Bukavu, ananunua madini. Anataka nifuatane naye, nimtafsirie Kifaransa. Anasema nisiogope. Mimi sijui. Niende wapi?" Mzee akamuuliza yeye mwenyewe anapendelea wapi. Wei akashangaa. "Mimi nimekuja kukuuliza wewe. Utakaposema, ndipo nitakwenda." Mzee akasema arudi Alhamisi ijayo. Alipoondoka, Mzee alikaa akiitazama Bukavu. "Muntu anavuka dunia muzima," akasema, "anakuja kuuliza mzee wa Kamembe wapi ataenda vakansi?"

Neno hilo vakansi, yaani likizo, likawa mzaha wetu mbaya. Maman Zaituni akiniona na ndoo aliuliza habari za yule Mchina, "Papa Mushinwa, vakansi yake imefika wapi?" Na Jumapili moja baada ya misa, conseiller wa secteur yetu, yaani diwani wa kata, alipita "kusalimia tu". Alikaa, akaonjewa bia, akaipokea, akasifu mbegu za dirishani, na alipofika nusu ya chupa akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ule Mushinwa, Mzee, anatafutaka nini kwako?" Nilikuwa jikoni nachagua maharage, nikaacha kuchagua. Mzee akajibu kwamba anaomba shauri ya vakansi. Yule bwana akacheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasema, bila kucheka, "Kule Bugarama, inchi tatu zinakutana. Anachora mifereji mu daftari yake, njo? Anauliza bantu ni wangapi? Mimi sisemi kintu, Mzee. Lakini barua inakuwaka na jina ya muntu chini yake." Akamaliza bia, akashukuru, akaenda zake. Mzee hakula chakula cha mchana. Mimi nilikula kwa wawili, nina tabia hiyo nikiogopa.

Ni kweli Wei alichora mifereji. Aliandika kila kitu: jina la kila mbegu, vimo vya matuta, hata namna ninavyokunja sombe, majani ya muhogo. Mara moja alimuuliza Mzee kama mtu anaweza kuvuka mto Ruzizi kwa miguu wakati wa kiangazi. Mwanafunzi wa mpunga akiuliza kina cha mto anauliza maji ya kumwagilia. Hata darasa langu la pili lingejua. Lakini ukishakuwa na shaka na mtu, kila anachofanya kinaingia mahali pake. Akinyamaza, anaficha. Akiuliza, anapeleleza. Akicheka, anakucheka wewe. Alhamisi tatu zilipita, chai ikimiminwa na kupoa, jibu likiahirishwa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwambia maneno matano tu: kwetu mwenye kumimina huonja kwanza. Kumwambia kungekuwa kumwambia tulichokuwa tunakifikiria.

Alhamisi ya nne, Wei alipokwisha kuondoka, Mzee aliniita. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa. "Usimwange," akasema. "Mupe kuku. Tutaona." Nilifurahi. Aibu yangu kubwa imekaa hapo, katika ile furaha: Mzee alinipa kazi, mimi si mwanafunzi wa pili tena, mimi ndiye jicho lake. Nilikuwa na kuku mmoja jike, mweusi, mkali kwa watoto wa watu. Nikachanganya ile chai na pumba za mahindi, nikampa. Jioni alikuwa mzima. Ijumaa mzima. Jumamosi akaanza kukaa pembeni na kufumba macho, Jumapili shingo ikampinda, Jumatatu asubuhi nikamkuta amekufa karibu na mawe ya jiko.

Sasa lile la pembeni. Wiki hiyohiyo, kabla kuku wangu hajaonja tone la chai, Maman Zaituni alikuwa ametupa kuku wanne, shingo zimepinda vilevile. Niliwaona. Nilimsaidia kuchimba shimo. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimeingia mtaani kama kinavyoingia kila mwaka, na mtu yeyote mwenye banda alikuwa akilia. Nilijua. Nilikwenda kwa Mzee na kuku mikononi, nikasema, "Mzee, kuku amekufa." Akauliza, "Ulimupa ile chai?" Nikasema nilimpa. "Kwiko kintu ingine?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miwani mkononi, akinitazama na kungoja, na naapa ningefungua mdomo neno lingetoka. Nikasema, "Hapana, Mzee." Akatikisa kichwa, akaniambia nikamzike mbali na migomba. Kisha nikalichukua lile kopo, nikalizungushia utepe wa gundi mara nne, nikalisukuma nyuma kabisa ya kabati.

Alhamisi hiyo Mzee hakumngoja Wei aketi. Alisema, "Nimefikiri. Uende Bukavu na ndugu yako. Bugarama hapana. Kule ng'ambo utajifunza mambo mingi." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Wei alifungua daftari, akaandika, na midomo yake ilikuwa ikirudia maneno yaleyale ili asikosee hata moja. Kisha akauliza jambo moja tu: kama Mzee anaona ni salama. Mzee akasema, "Wewe si uliomba shauri?" Wei akasimama, akainama, akasema asante, na safari hii alipotafuta kopo ili amimine chai hakuliona. Akatazama meza, akanitazama mimi. Mimi nikatazama sinia. Alidhani labda tumeimaliza, kwa sababu alitabasamu kidogo, kama mtu aliyefurahi.

Siku aliyovuka, Mzee alinituma nimfuate mpaka daraja la mpakani, Ruzizi Deux, nihakikishe amevuka kweli. Nilimwacha atangulie mbali, nikajichanganya na wanawake wa maembe na unga wanaokwenda ng'ambo asubuhi. Mabegi yake yalikuwa mawili, themosi ikining'inia begani kwa ule uzi wa buluu. Askari walipekua, wakafungua themosi, wakainusa, wakamrudishia. Alipofika mwanzo wa daraja akageuka, na katika watu wote wale akaniona. Uso wake uling'aa. Akarudi hatua kadhaa, akiwapisha wapita njia, akasema, "Dada Mado, umekuja kunisindikiza. Sikutegemea. Mwambie Mzee nitakaporudi nitakuja kwanza kwake kumweleza likizo yangu ilikuwaje." Nikasema safari njema. Nilisimama pale mpaka nisimwone. Nilipomwambia Mzee kwamba amevuka, alisema vizuri, akafungua redio, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaifunga kabla ya habari kwisha.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Alhamisi zangu zilirudi, lakini hazikuwa na ladha. Mzee alifundisha akiangalia dirishani. Redio ilitaja majina ya barabara za kule ndani, Walungu, Shabunda, msitu mkubwa, magari yaliyochomwa, na kila ilipotaja sisi wawili tuliangalia sahani zetu. Maman Zaituni ndiye aliyesema, siku moja akikata uzi kwa meno: "Mado, ule mutoto wa bantu iko wapi sasa?" Ghafla kijana yule hakuwa tena Papa Mushinwa, alikuwa mtoto wa watu. Nikamjibu kwamba sijui. Nilianza kuamka alfajiri bila sababu. Nilifaulu mtihani wangu wa diploma, na katika swali la majaribio niliandika kurasa mbili juu ya umuhimu wa shamba la pembeni, nikapewa alama zote.

Alirudi mwezi wa nne tangu avuke, saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa tunakula ugali na ndagala za ziwani. Nilisikia "Shikamoo, Mzee" mlangoni, nikasimama. Alikuwa amekonda hadi masikio yameonekana makubwa, macho ya manjano kwa homa, shati si lake. Hakuwa na mabegi. Hakuwa na themosi. Daftari lilikuwapo, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikataa kuketi mpaka Mzee amwambie mara mbili, kisha akafungua daftari magotini na kuanza kutoa taarifa, kama mwanafunzi anavyosomea mwalimu kazi aliyopewa. Wiki ya kwanza Bukavu. Wiki ya tatu waliingia ndani kununua madini. Gari lao lilisimamishwa njiani, mwenzake aliuawa, yeye alibebeshwa mizigo na watu wenye bunduki kwa majuma ambayo hakuweza kuyahesabu vizuri, na hapo kwenye daftari, alisema, kurasa ziko wazi, samahani. Mama mmoja wa kijiji alimficha kwenye kichanja cha mahindi, akamtoa kwa njia za porini. Mwaka wa masomo ulikuwa umeanza bila yeye na jina lake limeondolewa. Kesho anaondoka kwenda Kigali, kisha kwao. "Mzee, ulinishauri niende Bukavu," akamalizia. "Nilikwenda. Nimekuja kukuarifu." Akafunga daftari.

Mzee aliisukuma sahani yake pembeni. Wei akanigeukia, akauliza taratibu, "Dada Mado, ile chai bado ipo?" Nikaenda kabatini. Nilirudi na kopo, utepe wangu umelizunguka mara nne, na sikuwa na mahali pa kuuficha ule utepe. Alilipokea kopo kwa mikono miwili, akautazama utepe, akaupitishia kidole, kisha akaubandua polepole bila kuuliza. Ndani kopo lilikuwa karibu limejaa. Akaomba maji yetu ya moto, kutoka birika letu. Akamimina kikombe kimoja. Akakiinua, akanywa yeye kwanza, funda kubwa, akalimeza tukiona koo lake likipanda na kushuka, akangoja, hasa kama Mzee alivyongoja siku ile ya bia. Ndipo akakisogeza mbele ya Mzee. "Yule mama aliyenificha," akasema, "alikuwa akionja kila kitu kabla ya kunipa. Nikamuuliza sababu, akanieleza. Nisamehe, Mzee. Nilikuwa sijui. Alhamisi zote zile nilikukosea adabu."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Chumbani tulikuwa watu watatu, na wa kuomba msamaha walikuwa wawili, na kati ya hao wawili hakuna aliyefungua mdomo. Mzee alikinywa kile kikombe chote, mpaka majani yakamshika kwenye ndevu. Wei akafurahi. Akainama mlangoni, akaniambia nibaki salama, akashuka barabara ya kuelekea stendi akitembea kama mzee. Hatukupata barua yake wala habari zake, na sisi hatukutafuta. Mimi nikazungusha utepe mpya kwenye kopo, na Mzee akasema lirudi kabatini.

Nilihama, nikaolewa Giheke, nikafundisha huko mpaka leo, na kila nilipokuja Kamembe nilipita kwa Mzee na kukaa kwenye stuli yangu. Miaka zaidi ya ishirini nilimbeba yule kuku mweusi peke yangu. Nilijiambia kwamba Mzee alidanganywa, kwamba alimtuma kijana kwenye vita kwa neno langu moja, na nikawa namhudumia kwa bidii ya mtu mwenye hatia: mboga, dawa, shuka safi. Mwezi uliopita, alipokuwa hawezi tena kuinuka, nilishindwa. Nilimshika mkono nikamwambia yote. Nikamwambia kuku wa Maman Zaituni walikufa kwanza, wanne, nilichimba shimo mwenyewe, nilijua ni kideri na sikusema.

Alikuwa amefumba macho, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Walikuwa watano. Wa tano alikufa usiku, haukuona."

Nikamwuliza alijuaje.

"Mado, mimi njo nilikufundisha kuangalia ile ya pembeni. Siku ulileta kuku yako, nilikuwa nimetoka kwa Maman Zaituni asubuhi. Nilifungua moja na kisu, nikaona ndani. Nilijua mbele, kabla haujafika." Akapumzika. "Nilikuwa naogopa jina yangu kwenye ile barua. Nilikuuliza kama kwiko kintu ingine, nikiomba useme. Ungesema, ningekosa sababu, ningeandika. Ukasema hapana. Nikakushukuru mu roho."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mtu anayekufa. Miaka yote ile nimebeba mzigo nikidhani ni wangu, kumbe mwenzangu ameushika upande wa pili na ananiacha niamini niko peke yangu. Niliutoa mkono wangu katika wake, nikatoka uani, nikakaa kwenye mawe ya jiko la zamani. Baadaye nilirudi nikamlisha uji, nikiuonja kwanza, naye akaupokea. Hatukulizungumza tena. Siku tisa baadaye alifariki.

Jana nimefungua kopo. Utepe ulikuwa umekauka, ulikatika wenyewe. Majani yamekuwa vumbi na hayana harufu yoyote, chai ya kutupa. Hata hivyo nilichemsha maji, nikaandaa vikombe viwili mezani, kimoja upande wangu na kingine ule wa pili, nikamimina vyote. Nikachukua changu nikaonja kwanza, nikameza, nikangoja kama inavyotakiwa. Kisha nikakisogeza kile cha pili kwa mikono miwili na kusema kwa sauti, ndani ya nyumba isiyo na mtu, maneno ambayo Wei alituambia sisi: nisamehe. Lakini mimi nilikuwa najua.